Baiskeli ya Kubebwa Begani

Jambo la kwanza lililomkera Mama Mkasi dukani ni kwamba muuzaji alikuwa akizungumza na mume wake.

Baiskeli ilikuwa ya kwake yeye. Miguu itakayoikanyaga ilikuwa yake, na akiba iliyokuwa mkobani ilikuwa yake. Lakini muuzaji, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alimpita kama aliyeingia kukwepa jua, akaenda kumpa mumewe mkono na kumuuliza mzee anatafuta aina gani. Mumewe, ambaye si mtu wa makuu, alimwonyesha mkewe kwa kidevu. Muuzaji alimtazama huyo mke, akatabasamu, kisha akamgeukia tena mume na kuanza kumweleza habari za gia.

Ikatolewa baiskeli yenye matairi mapana kama ya trekta. Ikatolewa nyingine yenye springi mbele na nyuma, ambayo kwa maelezo ya muuzaji ingemfaa mtu anayeshuka milima. Mama Mkasi hakugusa gia wala kengele. Aliinama, akapitisha bega chini ya bomba la juu la fremu, akainuka na baiskeli nzima, akatembea nayo kutoka kaunta hadi mlangoni na kurudi. Wateja wawili waliokuwa wakichagua pampu waliacha kuchagua.

"Nzito," alisema, akaitua. Akaibeba ya pili. Nzito pia.

"Mama, baiskeli inaendeshwa," muuzaji alimwambia, kwa mara ya kwanza akisema naye. "Haibebwi."

"Yangu itabebwa kwanza, ndipo iendeshwe."

Hakuwa anafanya mzaha. Yeye na mumewe waliishi ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye ngazi nyembamba na lisilo na lifti. Pale chini, kwenye kona ya ngazi, palikuwa na minyororo iliyokatwa tu. Baiskeli zilizokuwa zimefungwa nayo zilishakwenda na watu wasiojulikana. Mpangaji mmoja aliwahi kuibiwa hata gari la kumsukumia mtoto. Baiskeli ya Mama Mkasi ingelala ndani, ukutani mwa sebule. Na kwa kuwa mumewe alitoka kwenda kazini kabla yake, yeye ndiye angeishusha kila alfajiri, peke yake.

Aliyoichagua mwishowe ilikuwa imesahaulika nyuma ya duka: ya rangi ya kijivu, matairi membamba, haina keria, haina madigadi, haina stendi, haina taa. Uchi kabisa. Muuzaji alieleza kwamba hiyo ni ya mtu asiye na mizigo. Mama Mkasi aliitia begani, ikakaa kama mkoba.

"Basi ni yangu," alisema.

Ukitaka kuelewa haraka yake, ingia kwanza hospitalini alikofanya kazi, upite mapokezi, upite maabara, uende hadi mwisho wa korido ambako harufu ya dawa inaanza kuchanganyika na ya mvuke. Hapo pana chumba cha vifaa. Makoleo, visu na mikasi iliyotumika kwenye upasuaji huletwa humo ikiwa michafu, ikaloweshwa, ikasuguliwa kwa brashi, ikakaushwa, ikapangwa kwenye trei, ikafungwa kwa kitambaa na kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke. Mwenye zamu ya kwanza ndiye anayefungua mlango asubuhi, anayekagua trei na kuzipeleka chumba cha upasuaji kabla daktari hajanawa mikono. Zamu hiyo ilikuwa ya Mama Mkasi kwa miaka mingi kiasi kwamba wengi walidhani mlango ule ulijengwa pamoja naye.

Jina lake hilo alipewa kazini. Siku moja mkasi mmoja haukuonekana. Mama Mkasi aliamuru takataka zisitoke, nguo chafu zisitoke, na hata mfagizi asitoke, mpaka mkasi ukapatikana kwenye mfuko wa joho la daktari aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba anacheleweshwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina la kwao.

Balaa lilianza pale uongozi ulipobadilisha njia ya gari la wafanyakazi. Zamani lilimchukua karibu na nyumbani. Sasa alitakiwa kutembea hadi barabara kuu na kulisubiri, nalo lilikuja likijisikia. Dereva alikuwa na ndugu wengi njiani wa kusimamisha na kusalimia. Mara mbili chumba cha upasuaji kilikaa kikisubiri trei huku mgonjwa amelala mezani anahesabu taa za darini. Mara ya pili Metroni alimsimamisha Mama Mkasi kwenye korido. Metroni alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti hata kwa bahati mbaya. Alisema anajua kosa ni la gari. Alisema pia kwamba mgonjwa hafanyiwi upasuaji na gari. Ikitokea tena, zamu ya kwanza ingepewa mwenzake wa mchana, na yeye angehamia stoo ya mashuka.

Stoo ya mashuka haikuwa adhabu kwa macho ya wengi. Ilikuwa na redio, ilikuwa na viti, na waliofanya kazi humo walinenepa. Lakini shuka ni shuka. Ukilikunja vibaya, halimdhuru mtu. Mama Mkasi alikuwa ametumia maisha yake kwenye kazi ambayo kila kitu kina mahali pake na sababu ya kuwa hapo, na wazo la kukaa akikunja pembe nne mpaka astaafu lilimtisha kuliko adhabu yoyote. Hakumwambia mtu. Alivunja kibubu, akaenda dukani na mumewe.

Siku za mwanzo baiskeli ilimtendea haki. Alishuka nayo ngazi bila kugusa ukuta, akafika kazini kabla mlinzi wa geti hajamaliza kufagia kibanda chake. Kilichobaki, alidhani, ni vitu vichache vya kuongezea: madigadi ya kuzuia tope lisirukie sare yake nyeupe, taa, kengele na kufuli. Mtu mwenye akili timamu angedhani hiyo ni kazi ya kupoteza nusu ya asubuhi.

Madigadi yalikuwa kwenye mfuko ulioandikwa kwamba yanaingia baiskeli zote. Hayakuingia. Ukiyakaza juu yanasugua tairi. Ukiyalegeza yananing'inia na kupiga kelele kama sufuria zinazogombana. Alirudi nayo dukani.

"Uliniambia yanaingia baiskeli zote," alimwambia muuzaji.

"Zote za kawaida, mama."

"Na hii uliyoniuzia wewe?"

"Hii ni ya pekee," muuzaji alisema, kwa sauti ya mtu anayempongeza.

Taa nayo ilikuja na mkanda wa mpira. Kila ilipofungwa kwenye usukani iliinama polepole kama mtu anayesinzia, ikamulika magoti yake badala ya barabara. Kengele ndiyo pekee iliyokubali kukaa, ila ililia yenyewe kila penye shimo, na mashimo yalikuwa mengi. Watu walikuwa wakimpisha kwa hofu wakidhani ana dharura. Mvua iliponyesha, aliwasili na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni, kana kwamba kuna mtu aliyempiga mhuri mgongoni. Akaanza kubeba sare kwenye mfuko wa plastiki kwenye usukani. Mfuko ukaingia kwenye spoki. Sare ikatoka na mkono mmoja.

Jioni hiyo alikaa mezani ameshika tama, sare iliyochanika iko mbele yake. Mumewe alimtazama kwa muda, kisha akatamka maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Niachie mimi," alisema.

Sasa lazima tumzungumzie mume. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinuka mafuta. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga, kazi yake kuzunguka na kopo lenye mdomo mrefu akipaka mafuta kila kinachozunguka: mashine, mikanda, magurudumu. Wenzake walimwita Grisi. Kinuni kwake, kitu kinachosuguana bila mafuta ni kitu kinachokufa. Kwa mkewe, kifaa chenye hata kivuli cha mafuta ni kichafu, na kinarudi sinki. Ndoa yao ilikuwa imeishi katikati ya haya mawili. Yeye alipaka bawaba za milango, mkewe akazifuta. Alipaka magurudumu ya cherehani, mkewe akafua kitambaa kilichoshonwa. Watoto wao, ambao sasa walikuwa na nyumba zao mbali, walikua wakiamini kwamba kila familia ina tambara la jikoni na tambara la baba.

Siku ya mapumziko ya mume, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa siku ya kazi ya mke, Grisi aliishusha baiskeli hadi uani na kumwita mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mama yao, aliyekuwa amekuja kukaa nao kwa muda, alishuka na kiti na kujipa usimamizi. Watu watatu, wote wana nia njema, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuibeba ile baiskeli ngazi zote tatu kabla ya jua kuchomoza.

Mama Mkasi aliporudi kutoka kazini aliikuta imesimama katikati ya ua kama ng'ombe wa maonyesho. Nyuma ilikuwa na keria ya nondo. Mbele kikapu cha waya. Chini stendi ya miguu miwili, ya chuma kile kile kinachotengenezewa mageti. Cheni ilikuwa imefunikwa kwa bati lililokunjwa. Madigadi ya plastiki yalikuwa yametupwa, na badala yake palikuwa na ya bati, yaliyokatwa na kupindwa vizuri mno. Hilo lazima tulikiri, yalikaa sawasawa. Shemeji yake alikuwa bado ameinua miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Mume alikuwa akifuta mikono. Nyuso tatu zilikuwa zikisubiri kusifiwa.

"Mwanangu, sasa hata gunia linakaa," mama mkwe alisema.

"Gunia la nini, Mama?"

"Lolote."

Mama Mkasi alipitisha bega chini ya bomba la juu, kama alivyofanya dukani, akajaribu kuinuka. Baiskeli ilifika usawa wa kiuno, ikakataa. Alijaribu tena. Mtu akisimama mbele ya wakwe zake hawezi kusema kila kinachomjia mdomoni, kwa hiyo alimeza mate, akashukuru, akauliza kwa upole itashukaje ngazi asubuhi.

Mumewe alisema angeishusha yeye anapotoka, aiache chini imefungwa. Mke akamkumbusha minyororo iliyokatwa. Hapo shemeji alicheka.

"Shemeji, hii nani aibe?" alisema. "Mwizi atahitaji aje na wenzake."

Mama Mkasi hakucheka. Aliomba keria itolewe. Shemeji alieleza, bila haya, kwamba haitoki, kwa sababu hakutumia bolti. Aliichomelea moja kwa moja, na kuikata kunahitaji mashine iliyokuwa kwenye kazi upande wa pili wa mji. Labda mwisho wa wiki. Labda unaofuata.

Alfajiri iliyofuata aliishusha ngazi moja baada ya nyingine, gurudumu la nyuma likigonga kila kidaraja. Milango ilifunguka. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza alitoka na taulo begani kuuliza ni nani anahama. Alipofika hospitalini muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa tayari amesimama mlangoni. Trei zilitoka, lakini kwa mbinde. Metroni alikuwa anapita. Alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye.

Jioni Mama Mkasi alichukua spana na kufungua kila kilichokuwa na bolti. Kikapu kikaenda kuhifadhia vitunguu. Stendi ikaenda chini ya kitanda. Kifuniko cha cheni kikafuata. Keria peke yake ilibaki, ikimkodolea macho. Hata hivyo sasa aliweza kuinyanyua baiskeli kwa kujikaza, akipumzika kila ghorofa. Lakini kwa kuwa cheni haikuwa na kifuniko tena, na mumewe alikuwa ameipaka grisi ya kinuni kama anayepaka mkate siagi, kila alipoibeba ilimwachia mistari myeusi kwenye sare.

Hapo ndipo yeye naye alipokosea, na alikosea kwa namna ambayo mtu wa kazi nyingine asingeweza. Alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imekifanya maisha yake yote kwa kila chuma kilichomjia kikiwa kichafu. Alileta beseni la maji ya moto. Alisugua cheni kwa brashi, kiungo kwa kiungo. Aliisuuza, akaifuta, akaipitisha spiriti, akaikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ilipomalizika iling'aa kiasi cha kuwekwa kwenye trei. Mumewe aliporudi alisimama mbele yake, mdomo wazi, kama aliyekuta ndugu yake amenyolewa kipara bila ruhusa. Mkewe alimwambia sasa hiyo ni cheni. Grisi alijua kusoma uso wa mke wake, akaliacha kopo lake mahali pake.

Cheni isiyo na mafuta hailalamiki mara moja. Ilianza kulia kidogo asubuhi, ikapandisha sauti mchana, na jioni mumewe alisikia baiskeli kabla hajamwona mwenye baiskeli. Breki nazo, kwa kuwa rimu zilishapata vumbi, zilikuwa zikipiga mluzi. Kwa mtu wa kawaida ni kelele tu. Kwa Grisi ilikuwa kama kusikia mtoto analia chumba cha pili na kukatazwa kwenda kumtazama. Alivumilia chakula chote. Mkewe alipotoka kumsaidia jirani kukunja mapazia, alilichukua kopo lake lenye mdomo mrefu.

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alipaka cheni. Alipaka pedali. Alipaka ekseli za mbele na nyuma. Kisha akazungusha gurudumu, akasikia raba ya breki inasuguana na rimu, ikipiga ule mluzi, na akafanya ambacho angefanya kinuni. Huko hakuna kitu kilichotengenezwa ili kikwaruze. Kikikwaruza, unakipaka mafuta. Akapaka raba, akapaka rimu pande zote mbili, akazungusha. Kimya. Gurudumu lilizunguka na kuzunguka bila kuchoka. Alilala usingizi mzito.

Asubuhi Mama Mkasi alishangazwa na utulivu wa baiskeli, akashukuru moyoni bila kujua anamshukuru nani. Barabara ya hospitali ina tambarare ndefu, halafu inateremka mpaka getini. Kwenye tambarare alikwenda kwa kasi. Alipoanza kuteremka akakamata breki, na breki zikamjibu kwa ulaini wa ajabu, kama kushika mkono wa mtu aliyelala. Akakamata kwa nguvu zaidi. Baiskeli ikaongeza mwendo. Mlinzi wa geti, aliyekuwa akifagia, alimwona anakuja, akainua kizuizi kwa heshima zote kama anavyoinulia gari la mganga mkuu. Mama Mkasi alipita, akapita na maegesho, akaingia kwenye ua wa maua unaozunguka bustani ya wagonjwa, na hapo ndipo aliposimama.

"Leo umekuja kweli kweli," mlinzi alisema, akimvuta kutoka kwenye matawi.

Hakuumia zaidi ya kiwiko. Lakini pindo la sare lilikuwa limeng'atwa na cheni, na kulitoa ilibidi aivute cheni kwa mikono miwili. Alipoinuka alikuwa mweusi hadi kwenye viwiko, na kifua chote kilikuwa kimechorwa.

Alitazama saa ya mapokezi. Alikuwa amewahi. Bado alikuwa na muda wa kufungua mlango, kukagua trei na kuzipeleka. Aliharakisha koridoni, akafika mlangoni, akasimama. Ukutani palikuwa na boksi la glavu na ndoano yenye majoho safi. Angevaa joho, angevaa glavu juu ya ile mikono, angefungua. Nani angejua? Hakukuwa na mtu. Trei zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa. Lakini nyingine zilitakiwa kufunguliwa na kukaguliwa, na glavu huchanika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia hivyo wageni wote wa kazi hiyo, mpaka walichoka kumsikiliza. Aliwahi kumrudisha daktari kwa sababu ya viatu tu.

Akaenda sinki.

Grisi ya kinuni imetengenezwa isitoke. Sabuni ya kwanza iliisambaza tu. Sabuni ya pili ilimpa povu la kijivu. Alisugua kwa brashi ya vifaa, mpaka ngozi ikawa nyekundu na kucha zikabaki na mistari. Alisikia muuguzi wa chumba cha upasuaji akigonga mlango uliofungwa, akaondoka, akarudi, akagonga tena. Aliendelea kusugua. Hasira ilimjaa mpaka machoni, na ubaya wake ni kwamba haikuwa na mahali pa kwenda: kila aliyemfikisha hapo alikuwa amemsaidia.

Metroni alimkuta pale pale.

"Mlango mbona umefungwa?"

Mama Mkasi aliinua mikono. Metroni aliitazama, akatazama sare, akaliona na jani lililokuwa kwenye nywele. Alimuuliza alifika lini, akajibiwa kwamba alifika kwa wakati. Mlinzi alikuwa shahidi.

"Ungeweza kuvaa glavu," Metroni alisema.

"Ningeweza."

Metroni alichukua ufunguo uliokuwa kando ya sinki, akaukausha kwa kitambaa, akautia mfukoni mwake. Alisema, kwa sauti ile ile isiyopanda, kwamba onyo lake la koridoni halikuacha nafasi ya udhuru, hata wa namna hii, na kwamba daktari amesubiri. Jumatatu aende mashuka.

Nyumbani mumewe alijua kabla hajaambiwa. Aliona kiwiko kilichochubuka, akaona sare, akakaa.

"Umepaka breki mafuta," mkewe alisema.

"Zilikuwa zinalia."

"Zinatakiwa zilie."

Mumewe alikaa na neno hilo kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako maji hupanda mlima. Kisha akatoka, bila kula, akavuka mji hadi alipokuwa mdogo wake, na jua halijatua walirudi wawili na mashine ya kukatia. Keria ilikatwa uani huku cheche zikiruka na mama mkwe akilalamika kutoka dirishani kwamba kitu kizima kinaharibiwa. Shemeji alisawazisha makovu yote kwa tupa bila mzaha hata mmoja. Halafu Grisi aliomba chupa ya spiriti ya mkewe, akafuta rimu na raba za breki mwenyewe, polepole, akigeuza tambara kila mara lilipochafuka. Ilipofika zamu ya cheni alimtazama mkewe, naye alikubali kwa kichwa. Alidondosha tone moja kwenye kila kiungo, na mkewe alishika kitambaa chini ya kopo, akifuta linalozidi kabla halijatiririka. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kufanya kazi moja kwa wakati mmoja juu ya chuma kimoja.

Baiskeli ilipona. Ilikuwa nyepesi tena, ina madigadi ya bati yanayokaa, na breki zinazopiga mluzi zikikamatwa. Taa ilisimama wima baada ya kufungiwa kipande cha mpira wa tyubu. Na hilo lilimuudhi Mama Mkasi kuliko yote, kwa sababu sasa alikuwa anafika hospitalini asubuhi na mapema kwa ajili ya stoo ambayo hufunguliwa jua likiwa limeshapanda. Mwili ulikuwa umezoea, haukukubali kulala. Alikaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akitazama mlango wa chumba cha vifaa ukifunguliwa na mtu mwingine. Baadaye alikwenda kukunja pembe nne. Wenzake wa mashuka walimpenda, wakampa kiti kizuri karibu na redio. Alikichukia kile kiti.

Kuna asubuhi moja mlango haukufunguliwa. Mama Mkasi, kwenye benchi lake, aliuangalia bila kutaka kuuangalia. Mwenzake aliyepewa zamu ya kwanza alikuwa akipanda lile lile gari la wafanyakazi. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuja, akagonga, akaondoka. Kisha akaja Metroni, ufunguo wa akiba mkononi, akatazama korido nzima hadi mwisho wake, na macho yake yakatua kwenye benchi.

"Gari halijafika," alisema.

"Dereva ana ndugu wengi," alisema Mama Mkasi.

Metroni hakutabasamu. Alimwambia amwonyeshe mikono. Mama Mkasi aliinyoosha, viganja juu, kisha akaigeuza. Metroni alizikagua kucha moja moja.

"Leo tu," alisema, akampa ufunguo.

Ndani, mvuke wa jana ulikuwa bado unanukia. Mama Mkasi alinawa, akavaa joho na glavu, akafungua trei ya kwanza, akasimama. Makoleo yalikuwa yamechanganywa makubwa na madogo. Mikasi ilikuwa imelazwa kila mmoja ukielekea kwao. Akauliza, bila kumuuliza mtu, ni nani aliyelaza vitu namna hii. Metroni, aliyekuwa bado mlangoni, alirudia kwamba ni leo tu. Mama Mkasi alikuwa ameshaanza kuhesabu mikasi.